Bei ya Ardhi na Njia za Kilosa na Mikumi

Nchi ya Usagara, ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro, ni nchi ya njia. Misafara ya pwani ilipita humo kwenda Unyamwezi na kwenye maziwa. Reli ya Wajerumani ikafuata nyayo za misafara. Waingereza wakaongeza tawi la reli lililoelekea kusini. Barabara ya Iringa ikakata nyika ya Mikumi. Na katika siku zetu reli ya kisasa imetoboa milima ambayo wapagazi walikuwa wakiizunguka. Kila njia ilipofika, shamba lililokuwa kando yake lilibadili tabia: lilikuwa mahali pa kulima, likawa kitu cha kugombewa.

Njia hizo zimesimuliwa mara nyingi, aghalabu kwa sifa au kwa laana. Bei ya ardhi iliyo kando yake imepata wasimulizi wachache, na sababu si ngumu kuiona. Kwa muda mrefu sheria za nchi zilishikilia kwamba ardhi tupu ya mwananchi haina bei, na jambo lisilokuwapo katika sheria haliachi karatasi nyingi nyuma yake. Walakini bei ilikuwapo. Nitajaribu kuonyesha kwamba bei hiyo haikuzaliwa na udongo peke yake, wala na jasho la mkulima peke yake, bali ilizaliwa na njia. Na kwamba sheria ilipokataa kuitambua haikuiua, iliiacha tu imwendee yule aliyekuwa na hati.

Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, kama jirani zao Waluguru, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Ardhi ilikuwa ya ukoo huo. Mkuu wa ukoo aligawa, alipatanisha, aliombea mvua. Hakuuza, kwa kuwa hakuwa na cha kuuza. Waliokuwa na haki katika nchi ile walikuwa pamoja na wafu wake na wale ambao hawajazaliwa. Mgeni aliyetaka kulima alipewa mahali, naye alileta kitu cha heshima. Katika Uluguru malipo hayo ya kila mwaka yaliitwa ngoto, na wataalamu wa kikoloni walishughulika sana kujua kama ngoto ni kodi ya shamba au siyo. Kwa maoni yangu walitafuta mahali pasipo kitu. Ngoto ilikuwa ushahidi: mlipaji alikiri kwa mkono wake kwamba ardhi ina wenyewe, na mpokeaji alikiri kwamba mgeni huyu yuko kwa ruhusa. Thamani ya pishi ile ya nafaka au kuku yule haikuwa na uhusiano na rutuba ya shamba.

Njia ya misafara haikuvunja utaratibu huo, ijapokuwa iliutikisa. Bonde la mto Mkondoa ni mlango katika ukuta wa milima. Apandaye kutoka pwani na kutaka kufika Ugogo bila kupanda vilele hana budi kulifuata. Burton na Speke walipita huko mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na kabla yao na baada yao walipita maelfu ambao hawakuandika vitabu. Kilichouzwa kando ya njia kilikuwa chakula, maji na ruhusa ya kupita. Hongo ilitozwa kwa ajili ya mapito, wala si kwa ajili ya udongo. Bado hapakuwa na mtu aliyedhani kwamba uwanja wenyewe waweza kukunjwa na kuchukuliwa katika mkoba.

Aliyedhani hivyo alikuja mwaka 1884. Mwezi wa Novemba Carl Peters na wenzake walipanda kutoka Saadani, na katika muda wa majuma machache walikusanya mikataba kadhaa yenye alama za wakuu wa Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Mmojawapo ulikuwa wa Mangungo wa Msovero, mahali panapoandikwa Msowero leo, katika wilaya hii hii ya Kilosa. Mkataba, ulioandikwa kwa Kijerumani, ulidai kwamba Mangungo ameitoa nchi yake pamoja na haki zake kwa chama cha ukoloni cha Peters. Tarehe 27 Februari 1885 serikali ya Ujerumani ilizitia nchi hizo nne chini ya himaya yake. Sultani Barghash wa Unguja akapinga kwamba nchi zile ni zake. Mwezi wa Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake, na hoja ikaisha.

Jina la Mangungo limekuwa methali katika Tanzania. Kila mkataba mbaya unapotiwa sahihi, mtia sahihi huitwa Mangungo, na maana yake ni mjinga aliyeuza nchi kwa vitu vya kuchezea. Nadhani methali hiyo imemdhulumu. Tumetazama uhafifu wa alichopewa, tukasahau kuuliza kama alikuwa na uwezo wa kutoa. Mkuu wa Usagara aliweza kumkaribisha mgeni, kufanya naye undugu, kumwonyesha mahali pa kukaa. Kuhamisha ardhi ya koo zote kwa daima kulikuwa nje ya cheo chake kama kuuza mvua. Kwa hiyo karatasi ile haikuwa biashara mbaya; haikuwa biashara. Iliyoipa nguvu ni manowari za Agosti, na baadaye reli. Tofauti hii si ya maneno matupu. Tukisema Mangungo aliuza kwa bei ndogo, tumekubali kwamba aliuza, na hapo tumempa Peters kile ambacho Peters mwenyewe alihitaji sana kukipata.

Sheria ikafuata. Amri ya mwaka 1895 ilisema kwamba ardhi isiyokuwa na mwenyewe ni mali ya dola ya Ujerumani, na mzigo wa kuthibitisha umiliki ukamwangukia yule asiyekuwa na karatasi. Maagizo yaliyofuata yalitaka wenyeji waachiwe ardhi mara nne ya ile waliyokuwa wakilima, jambo ambalo kwenye karatasi laonekana kuwa la ukarimu. Lakini mkulima wa jembe la mkono hulihama shamba lake lichokapo na kulirudia baada ya miaka mingi. Ukipima mashamba ya mwaka mmoja na kuzidisha mara nne, umemnyima shamba la mwanawe.

Reli ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kilosa ilipitiwa kati ya Morogoro na Dodoma, kwa sababu ile ile iliyowapitisha wapagazi: mlango wa Mkondoa. Magharibi ya Kilosa kipo kituo kiitwacho Munisagara. Mwanafunzi wa lugha atatambua humo neno mwinyi, yaani mwenye, na ramani za karne ya kumi na tisa zina jina hilo hilo mahali pale. Ndiyo kusema gari la moshi lilisimama, na bado reli ya zamani inapita, katika kituo ambacho jina lake latamka kwamba nchi hii ina mwenyewe. Sijui kama yuko karani wa reli aliyewahi kulifikiri.

Hapo ndipo ardhi ilipopata bei kwa maana tuijuayo. Mkonge ni zao zito, na kabla ya reli bonde la Kilosa halikuwa na njia ya kuupeleka bandarini kwa faida. Baada ya reli, uwanda wa Kimamba, Rudewa na Msowero ukawa mali. Udongo ulikuwa ule ule. Vita ilipokwisha, mashamba ya Wajerumani yalihesabiwa kuwa mali ya adui na kuuzwa. Wanunuzi wengi wakawa Wagiriki na Wahindi, na kwa miaka mingi Kilosa ilijulikana kwa walowezi wake wa Kigiriki. Hapakuwa na mnada wa namna hiyo kwa koo zilizokuwa huko kabla ya Wajerumani. Kile kilichochukuliwa kwa hati kilirudishwa sokoni kwa hati, na asiyekuwa na hati hakuitwa hata kutazama.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilitangaza ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya Gavana, na ikaanzisha haki ya kukaa na kutumia ardhi kwa muda usiozidi miaka 99. Marekebisho ya mwaka 1928 yalikubali kwamba mwenyeji akaaye kwa mila naye anayo haki hiyo. Wapo wanaosifu kwamba Tanganyika haikupatwa na yale ya Kenya, na sifa hiyo ina ukweli. Lakini haki mbili zilizoitwa kwa jina moja hazikuwa sawa. Mwenye shamba la mkonge alikuwa na ramani, mipaka na muda uliohesabiwa, na aliweza kuipeleka hati yake benki. Mkulima wa Msowero alikuwa na haki iliyodhaniwa kuwapo.

Katika mashamba hayo watu waliitwa manamba. Walikuja kutoka mbali na kuandikwa kwa namba, nao walipewa kipande chenye siku thelathini za kazi za kutimiza kabla ya kulipwa. Wengi hawakurudi kwao. Walioa, walizika, walilima bustani pembeni mwa mikonge, na watoto wao wakawa watu wa Kilosa wasiokuwa na ukoo wa Kilosa wa kuwapa ardhi. Mjini nako kulikuwa na madaraja, kama katika miji mingine ya reli: uzunguni, uhindini, uswahilini, na aina ya nyumba uliyoruhusiwa kujenga ilikwenda pamoja na urefu wa muda uliopewa kiwanja. Nyumba ya udongo ilihesabiwa kuwa ya kupita, hata kama wajukuu walizaliwa ndani yake.

Mwaka 1958 Julius Nyerere aliandika kijitabu kiitwacho Mali ya Taifa kupinga shauri la kuwapa Waafrika umiliki wa ardhi usio na ukomo. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi haikufanywa na mtu. Kilicho cha mtu ni kazi aliyoitia humo. Alihofu pia kwamba katika nchi ya maskini wengi na matajiri wachache, ruhusa ya kuuza ingewafanya wananchi wapangaji katika nchi yao. Hofu hiyo ilikuwa ya haki, na aliyeitazama Kimamba hakuhitaji kushawishiwa. Mwaka 1963 umiliki wa daima uligeuzwa kuwa upangaji wa serikali, na mwaka 1969 upangaji huo ukageuzwa kuwa haki ya kukaa. Kati ya miaka hiyo, mwaka 1967, Azimio la Arusha likafuatwa na kutaifishwa kwa mashamba mengi ya mkonge, na katika mwaka huo huo ikatungwa Sheria ya Kutwaa Ardhi. Katika sheria hiyo fidia ilikuwa ya maendelezo: nyumba, mazao, visima. Ardhi tupu haikulipiwa.

Hapa kuna jambo ambalo halikusemwa vya kutosha. Nyerere aligawa thamani ya shamba katika mafungu mawili, la Mungu na la mkulima. Liko fungu la tatu, nalo ni la njia. Ekari mbili zenye udongo mmoja na miembe sawa, moja iliyo kituoni Kimamba na moja iliyo mwendo wa siku nzima mlimani, hazina thamani moja, na tofauti yake haikuletwa na Mungu wala na mwenye shamba. Ililetwa na fedha na kazi ya watu wote. Kwa kanuni ya Mali ya Taifa fungu hilo lingepaswa kuwarudia wote. Sheria, kwa kusema kwamba halipo, haikulirudisha kwa yeyote.

Mikumi yaonyesha jambo hilo wazi kuliko Kilosa, kwa kuwa mji wenyewe ni mtoto wa njia. Jina lake latokana na mikumi, miti ya jamii ya mivumo iliyo katika nyika ile. Barabara ya Morogoro na Iringa ilipotengenezwa katika miaka ya 1950 wawindaji waliingia kwa wingi, na mwaka 1964 eneo likafanywa Hifadhi ya Taifa. Mwaka 1975 likaongezwa, na sasa lina kilometa za mraba 3,230. Tawi la reli kutoka Kilosa lilifika Mikumi mwaka 1960 na Kidatu mwaka 1965, kuelekea kwenye miwa ya Kilombero. Mwaka huo wa 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, Zambia ikazibiwa njia ya kusini, na barabara ya Mikumi ikawa koo la nchi nzima isiyokuwa na bahari. Malori ya mafuta yalipita usiku na mchana katika vumbi na tope. Bomba la mafuta likakamilika mwaka 1968. Lami ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Basi Mikumi imebanwa na vitu viwili visivyosogea, mpaka wa Hifadhi na ukingo wa lami. Nyumba za wageni, magereji, vibanda vya chakula na vituo vya mafuta vimejipanga barabarani kama ndege kwenye waya, na kiwanja kinachotazama lami hakifanani bei na kile kilicho nyuma yake hatua mia mbili. Lakini ukingo huo nao una mwenyewe. Hifadhi ya barabara kuu ilikuwa meta 22.5 kila upande kutoka katikati. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 pamoja na kanuni zake ziliifanya meta 30. Ndipo Watanzania walipojifunza rangi mbili: alama ya X nyekundu kwa nyumba iliyoingia barabara, isiyo na fidia, na X ya kijani kwa nyumba iliyoingiwa na barabara, yenye kustahili fidia. Nataja kwa kupita tu kwamba ndani ya Hifadhi, ambamo barabara hukatiza kama kilometa 50, mnyama aliyegongwa na gari ana bei yake katika orodha ya faini, kila jinsi kwa kiasi chake. Twiga alipata bei iliyoandikwa katika nchi ambayo shamba la mtu lilikuwa bado halina.

Turudi bondeni Kilosa. Bei ya mkonge ilianguka katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, nyuzi za viwandani zilipochukua soko, na mashamba mengi yakaanza kurudi porini. Hati hazikurudi porini. Hapo ndipo penye shida ya Kilosa hata leo: ardhi nzuri ya uwanda, iliyo karibu na reli, ilibaki imefungwa katika karatasi za miaka 99 huku vijiji vikijaa kando yake. Watoto wa wakulima waliingia kulima kwa ruhusa, kwa kukodi au kwa kujificha. Wafugaji waliingia kulisha. Wafugaji nao walikuwa na vijiji vyao, kama Twatwatwa, na malisho yao yalikuwa yakipungua. Usiku wa tarehe 8 Desemba 2000 watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni. Magazeti yalisema ni ugomvi wa wakulima na wafugaji, na kweli wauaji na wauawa walikuwa wa makundi hayo. Lakini wataalamu walioufanyia utafiti walitaja pia rushwa, mipaka ya vijiji na uongozi uliopoteza imani ya pande zote, nami naongeza yale mashamba makubwa yaliyokaa katikati bila kulimwa. Watu walipigania ukingo kwa sababu kitovu kilikuwa na hati. Katika miaka ya karibuni serikali imefuta hati za baadhi ya mashamba yaliyotelekezwa wilayani humo, na kila yalipofutwa swali la pili limezuka mara moja: nani agawiwe?

Sheria za Ardhi za mwaka 1999, namba 4 na namba 5, zilizoanza kutumika Mei 2001, zilisema hatimaye kwamba ardhi ina thamani, na kwamba atwaliwaye alipwe fidia kamili, ya haki na ya haraka. Ardhi ya kijiji iliwekwa chini ya halmashauri ya kijiji, na mwanakijiji akaruhusiwa kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Haya yalitokana kwa sehemu na kazi ya tume ya Profesa Issa Shivji ya miaka ya 1991 na 1992, ijapokuwa mapendekezo yake makubwa, kama lile la kuondoa ardhi mikononi mwa serikali kuu, hayakukubaliwa.

Sheria hizo zilijaribiwa na reli ya kisasa. Mafuriko ya Mkondoa ya mwisho wa mwaka 2009 yaliharibu reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe na kuonyesha kwamba mlango wa misafara ulikuwa umechoka. Reli mpya imepita kwa mahandaki, mojawapo katika Kilosa likiwa na urefu wa zaidi ya kilometa moja. Treni za abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma zilianza tarehe 25 Julai 2024, na Kilosa ina kituo chake. Mwenye shamba lililopitiwa alihesabiwa ardhi, mazao, nyumba, na posho za usumbufu, usafiri na makazi. Hayo ni mbali sana na mwaka 1967, sembuse 1895. Lakini mthamini hupima bei ya soko ya siku ile, na siku ile reli haijafika. Aliyetwaliwa hulipwa bei ya porini. Jirani yake aliyeachwa hatua hamsini hupata bei ya kituoni bila kunyanyua jembe. Na mgeni kutoka Dar es Salaam aliyesikia habari mapema hununua kwa bei ya kwanza na kuuza kwa ya pili. Mwenye hati ya kimila aweza angalau kungoja. Asiye nayo, hasa mjane anayelima shamba la ukoo wa mume, au mjukuu wa manamba, huuza haraka, kwa sababu hofu ya kunyang'anywa humshinda.

Mauzo hayo hufanyika katika ofisi za vijiji na mitaa, mbele ya mashahidi, kwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Karatasi za namna hii, si za Kilosa peke yake, mara nyingi hazisemi kwamba mtu ameuza ardhi. Husema ameuza shamba lenye miembe minne na migomba, au pagala, au msingi wa nyumba, na mipaka hutajwa kwa majina ya majirani: mashariki fulani, magharibi fulani, kusini njia.